Hivi John Kirk alimsaliti Seyyid Barghash, au alikuwa akitumikia serikali yake tu?

Kijana wa Shangani

Assalaam aleikum wana barza.

Mie ni muongoza wageni Mji Mkongwe, mwaka wa sita huu. Nna kitambulisho changu, na vichochoro vyote navijua hata usiku umeme ukikatika. Kituo changu kimoja cha kila siku ni ile nyumba ya Shangani iliyokuwa ubalozi wa Waingereza tangu 1841 mpaka 1874. Anaeijua nyumba ile anakijua na kibao chake cha ukutani: kimewataja Speke, Burton, Grant na Kirk, kisha kikasema mwili wa Livingstone ulipumzishwa humo kabla ya kusafirishwa kwao. Wageni hupiga picha kibao, huuliza mambo ya Livingstone, tukaendelea na njia. Kirk haulizwi.

Juzi nilikuwa na mama mtu mzima na mwanawe wa kiume, wametoka Scotland. Yule mama akakisoma kibao pole pole, akaweka kidole kwenye jina la Kirk. Akaniuliza, huyu ni mtu wa kwetu, alikaa kwenu miaka ishirini, watu wa hapa wanamkumbuka vipi? Nikamjibu kama nnavyojibu siku zote. Alikuja kama daktari, akawa balozi, akashughulika mpaka soko la watumwa la Mkunazini likafungwa mwaka 1873, na alikuwa rafiki mkubwa wa Seyyid Barghash, Sultani wa Unguja wakati ule, hata 1875 wakafuatana mpaka London, Barghash akaonana na Malkia Victoria. Nikamtajia na kima punju wa Jozani, kwamba jina lake la kitaalamu limetokana na Kirk. Akafurahi.

Kwenye barza ya nyumba ya pili alikuwa amekaa mzee mmoja na kikombe chake cha kahawa. Hakunyanyua hata kichwa. Akasema kwa Kiingereza kilichonyooka, na yule mama akasikia kila neno: "Mwambie na la pili. Mwambie huyo rafiki alikuwa wapi manowari za Kijerumani zilipokuja."

Nikanyamaza. Si kwamba sikupata jawabu tu, nilikuwa silijui suala lenyewe. Miaka sita nawasimulia watu habari ya mtu ambaye maisha yake nayajua nusu.

Usiku nikalipeleka barzani Jaws Corner. Dhumna ikasimama. Wako waliosema Kirk alimuuza Barghash mchana kweupe, na wako waliosema balozi ni mtumwa wa barua, hana lake. Nimerudi nyumbani nikiwa sijui nimfuate nani.

Na nna sababu nyengine ya kuuliza. Mdogo wangu wa kike yuko chuo mwaka wa pili, anasema akimaliza anataka kuingia mambo ya nje, na nia yake siku moja awe balozi. Nataka nijue anakwenda kufanya kazi gani. Huyu Kirk alimsaliti mtu aliyemuamini, au ndiyo kazi yenyewe ilivyo, zamani na leo?

Mtoto wa Malindi

Jawabu liko wazi. Agosti 1885 manowari tano za Wajerumani zilipanga mstari mbele ya kasri, mizinga imeelekezwa kwa mwenye nyumba. Barghash alitegemea Waingereza wangesema neno. Kirk akamwambia akubali. Mwaka uliofuata London na Berlin wakakaa wenyewe wakaikata mrima, Sultani akaachiwa visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10. Hajaulizwa. Rafiki wa namna hiyo mie simtaki mlangoni kwangu.

Mzee wa Kikwajuni

Wa aleikum salaam mwanangu. Mie si mwanahistoria. Nilifanya kazi ubalozini miaka kumi na tisa, katika nchi mbili za baridi, na chumba changu kilikuwa cha teleksi, ile mashine ya kuletea barua kwa waya. Kila amri iliyokuja kwa balozi ilipita mikononi mwangu kwanza. Nilikuwa naijua kabla yake. Nitakwambia kitu nilichokishuhudia kwa macho, kisha tumrudie Kirk.

Balozi mmoja niliyefanya nae kazi, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na usuhuba na afisa mkubwa wa nchi ile. Haukuwa usuhuba wa karamu na kupeana mikono mbele ya kamera. Watoto wao walikuwa skuli moja. Mke wa yule afisa alipougua, mke wa balozi alikuwa akimpelekea uji kila asubuhi ndani ya chupa ya chai, anatembea nao kwenye theluji kwa sababu dereva alikuwa hajafika saa zile. Yule bwana nae alikuwa akija kwa balozi jioni kwa miguu, anagonga mlango kama jirani.

Basi usiku mmoja mashine ikaanza kutoa karatasi. Maandishi ya mafumbo. Nikakaa nayo, nikayafumbua: kesho asubuhi balozi amuone afisa yule, amwambie kwamba nchi yetu haitowaunga mkono kwenye jambo ambalo walikuwa wakitutegemea. Mistari minne tu. Na mie nikijua kwamba siku chache nyuma balozi alimwambia rafiki yake asiwe na wasiwasi.

Nikaipeleka nyumbani kwake. Aliisoma amesimama mlangoni, amevaa kanzu yake ya kulalia. Akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la kanzu, akaisoma tena, kidole kikifuata mstari. Akaniuliza, "Namba zote umezihakikisha?" Nikamwambia ndiyo, mheshimiwa, mara mbili. Akasema, "Basi ingia upate chai." Tukanywa chai, hapana aliyesema. Asubuhi akavaa koti lake jeusi akenda. Baadae nikamuuliza dereva, alikaa ndani muda gani? Akaniambia saa mbili na zaidi. Kwa mistari minne.

Wakati ule nilikuwa kijana, nikajiuliza kwa nini wasimtume mtu mwengine. Nilichelewa kuelewa. Alitumwa yeye kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiaminiwa. Mtu mwengine angefukuzwa mlangoni. Usuhuba wa balozi ni wake wa kweli, moyoni mwake, lakini waliomuweka pale wanauhesabu kuwa ni mali yao, na siku wakiuhitaji watautumia.

Sasa Kirk. Alizaliwa Scotland 1832, akasomea udaktari Edinburgh, akatibu majeruhi wa vita vya Crimea huko Uturuki, kisha akafuatana na Livingstone katika safari ya mto Zambezi kuanzia 1858. Unguja alifika 1866, na alikuja kama daktari wa ubalozi. Hilo lishike, maana mabalozi wengi wa siku zile hawakusomea ubalozi. Walikuwa wanajeshi, madaktari, watu wa meli. Hamerton, balozi wa kwanza wa Waingereza hapa, na Rigby aliyekuja nyuma yake, wote wawili walikuwa wanajeshi wa India. Kirk alipanda ngazi hapa hapa, na kufika 1873 yeye ndiye aliyekuwa na kiti cha ubalozi. Alikuwa na kofia mbili kichwani: wakala wa serikali ya Waingereza ya India, na balozi wa London. Wakubwa wawili, na mara nyengine hawasemi lugha moja.

Mkunazini ilifungwa vipi? Mapema 1873 London walimtuma mtu mkubwa, Sir Bartle Frere, na ujumbe mzima, amshawishi Barghash atie saini mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa. Barghash akakataa. Biashara ile ilikuwa ikiijaza hazina, na mwaka mmoja nyuma, Aprili 1872, kimbunga kilikuwa kimeing'oa mikarafuu ya Unguja na kuzivunja meli zake. Frere akaondoka mikono mitupu. Kazi ikabaki kwa Kirk. Amri ikaja: Sultani asipotia saini, manowari za Waingereza zitaifunga bandari. Kirk akaipeleka amri ile mwenyewe, na tarehe 5 Juni 1873 Barghash akatia saini. Kwa hiyo, Mtoto wa Malindi, miaka kumi na mbili kabla ya Wajerumani, Kirk alishawahi kuingia kwa Barghash na manowari mgongoni. Na baada ya siku ile ndipo walipokuwa karibu zaidi. Mtu aliyekutolea kitisho wazi, kisha akakaa na wewe na kukusaidia kuubeba mzigo wake, unaweza kumuamini kuliko anaekuchekea. Barghash alimuamini hivyo.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu hulipita haraka, lakini mtu wa teleksi hawezi kulipita. Mwaka 1879 waya wa simu wa chini ya bahari ulifika Unguja kutoka Aden. Ile nyumba ya simu ya Shangani mnaijua, leo ni hoteli ya kitalii. Kabla ya waya, balozi aliandika barua akangoja wiki na miezi, na katikati ya kungoja yeye ndiye alikuwa Uingereza. Akiamua, ameamua. London walikuwa wakipata khabari mambo yameshapita. Kirk alijijenga katika zama hizo. Alikuwa mfalme mdogo hapa, tuseme ukweli. Waya ulipofika, kamba ikafupishwa. London ikaweza kumvuta leo kwa jambo la leo.

Na ndiyo alivyovutwa. Mwisho wa 1884 Mjerumani mmoja, Carl Peters, alipita Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami akikusanya misalaba ya machifu kwenye karatasi. Februari 1885 serikali yao ikampa hati ya ulinzi. Kirk akaona hatari, na mwaka ule ule Jemadari Mathews, Muingereza aliyekuwa mkuu wa jeshi la Sultani, alikwenda mpaka Kilimanjaro kutafuta machifu wa kumtambua Sultani. Lakini London hawakuwa wakiiangalia Unguja. Walikuwa wakiangalia Misri, ambako walikuwa wameingia 1882 na wakihitaji Bismarck, mkuu wa serikali ya Ujerumani, asiwatie vikwazo, na wakiangalia Warusi upande wa Afghanistan. Wakamuandikia Kirk kwamba hawaoni ubaya katika mipango ya Wajerumani, na yeye asiwe kizuizi. Mtu aliyekaa Unguja miaka kumi na tisa, na akaujenga utawala wa Barghash bara, anaambiwa kwa waya akae pembeni uvunjwe.

Manowari zikaja Agosti. Ndani ya msafara ule alikuwemo Bi Salme, nduguye Barghash aliyeolewa na Mjerumani, naona nalo lilikuwa sindano ya makusudi. Sultani akapewa saa 24. Kirk akapanda kasri akamwambia akubali. Angesema nini? Angemwambia apigane, halafu mizinga ikapiga mji na Waingereza wakakaa kimya, hapo ndipo angekuwa muongo. Miaka kumi na moja baadae, Agosti 1896, Khalid bin Barghash alijitwalia usultani akakataa amri ya Waingereza ya kuuacha, na mnajua mizinga ya Waingereza wenyewe ilivyoipiga kasri kwa muda usiotimia saa moja.

Kwa hiyo simuiti msaliti kwa siku ile. Lawama yangu kwake iko pengine. Kwa miaka yote ile alimzoesha Barghash kwamba mlango wa dunia ni mmoja, na ufunguo anao yeye. Kila ushauri, kila jeshi, kila meli, Muingereza. Alikuwa akijua anamtumikia nani, na alijua nyumba aliyokuwa akimjengea rafiki yake imesimama juu ya nguzo isiyo yake wala ya huyo rafiki. Hilo alitakiwa amwambie mapema. Usuhuba wa kweli ungelisema.

Mwalimu wa Wete

Nimemsoma Mzee wa Kikwajuni na nimemuelewa, lakini nna maneno kutoka upande huu wa bahari.

Mzee ametaja kimbunga cha 1872. Kimbunga kile hakikutupiga Pemba kama kilivyoipiga Unguja. Mikarafuu yetu ilisimama. Unguja walipopoteza, bei ikapanda, na kila mwenye shamba Pemba akataka mikono ya kuchuma. Mwaka mmoja baadae ndiyo soko la Mkunazini likafungwa. Basi fikirini: haja ya mikono imezidi, na mlango wa mbele umefungwa. Watu wakaanza kushushwa usiku kwenye vihori vya Pemba, jahazi likivuka kutoka pwani ya bara.

Bibi wa bibi yangu alishushwa hivyo. Alikuwa mtoto. Sina jina lake la kwao, hakulisema au hapana aliyemuuliza, tuna jina alilopewa hapa tu. Kilichobaki kutoka kwake nyumbani kwetu ni kimoja: hakuwa akitia karafuu kwenye pilau. Mdalasini, hiliki, bizari nyembamba, pilipili manga, vyote vilikuwemo, karafuu hapana. Bibi yangu akapika hivyo hivyo, na mama yangu, na mie. Wageni wakila kwetu hushangaa, nyumba ya Pemba, karafuu zimeanikwa kwenye jamvi nje, ndani ya chungu haimo hata moja.

Ndio maana mkisema habari ya Kirk na Barghash, nani alimsaliti nani, mie nawaona watu wawili wakubwa wanazungumza ndani ya chumba, na mlango umefungwa. Kwa Barghash, Juni 1873 ilikuwa ni fedheha. Kwa mtu aliyefungwa Mkunazini siku ya tarehe 5 ilikuwa ni nini? Mimi Kirk namshukuru kwa siku ile, na namshukuru kwa nguvu aliyoitumia, kwa sababu maneno mazuri ya Frere hayakumfungua hata mtu mmoja.

Lakini nae asipambwe. Lililofungwa ni soko na usafirishaji. Utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali Unguja na Pemba mpaka 1897, na tangu 1890 tulikuwa tayari chini ya ulinzi wa Waingereza. Miaka saba walikuwa na uwezo wa kuufuta kwa kalamu na hawakufanya, karafuu zisije zikakosa wachumaji. Sijui kama Kirk peke yake anaweza kubebeshwa hilo, alikuwa ameshaondoka. Serikali yake inaweza.

Kijana, kama unanisikia, ukiwapeleka wageni kwenye habari ya Kirk usianzie Shangani. Anzia Mkunazini, penye kanisa lililojengwa juu ya lile soko, kisha ndiyo uwateremshe kwenye kibao.

Mkaazi wa Mbweni

Sina utaalamu wa siasa. Nataka kusema tu kwamba huku kwetu Mbweni Kirk alikuwa na nyumba na bustani, na akipeleka mimea na mbegu mpaka bustani ya Kew, London. Mmea mtambaa wa mpira wa mwitu wa pwani yetu una jina lake kwenye vitabu vya mimea. Babu yangu alikuwa akisema balozi yule alikuwa akijua majina ya miti kwa Kiswahili kuliko watoto wa mji. Mtu akijifunza majina ya miti yako, kuna kitu amekipenda.

Kijana wa Shangani

Shikamoo Mzee. Shikamoo Bi Mwalimu. Nimesoma mara tatu, na nimemsomea mdogo wangu kwa sauti. Mkaazi wa Mbweni, hilo la miti nitalitumia, ahsante.

Bi Mwalimu, kesho nabadilisha njia yangu. Naanzia Mkunazini.

Mzee, nna suala moja bado, na mdogo wangu ndiye aliyelisukuma. Je, Kirk angeweza kukataa? Na balozi wa leo wa Uingereza, akiletewa waya wa namna hiyo, ana hiari gani?

Mzee wa Kikwajuni

Marahaba mwanangu, na Bi Mwalimu amenifundisha kitu, habari ya pilau ile nimeikalia kimya muda mrefu.

Hiari aliyonayo balozi, wa zamani na wa leo, ni mbili ninavyojua mimi. Ya kwanza ni kuandika. Kabla ya amri na baada ya amri, anawaandikia wakubwa wake ukweli anaouona, bila ya sukari. Hiyo ni haki yake na ni wajibu wake, hata Mkataba wa Vienna wa 1961 unaitaja kazi ya kupeleka taarifa kuwa ni miongoni mwa kazi za ubalozi. Kirk aliandika, aliionya London kuhusu Wajerumani. Hawakumsikiliza, lakini aliandika. Na kuandika kuna bei yake. Balozi wa Uingereza aliyekuwa Washington, Kim Darroch, alikuwa akiandika kwao anavyouona utawala wa Trump. Barua zake za siri zikavuja, na Julai 2019 akajiuzulu. Hakuwa amefanya kosa, alikuwa ameandika alichotumwa kukiandika.

Ya pili ni kuondoka. Balozi akiona amri haiingii moyoni, anarudisha cheo. Si wengi wanaofanya. Kirk hakufanya 1885. Aliitekeleza, mwaka 1886 akaondoka Unguja kwa likizo, hakurudi tena kwenye kiti chake. Kwenye tume iliyopima mipaka ya nchi ya Sultani, Muingereza alikuwa Kitchener, si Kirk. Barghash alifariki Machi 1888. Kirk aliishi mpaka 1922, karibu miaka 90, na 1889 aliiwakilisha nchi yake kwenye mkutano wa Brussels wa kupiga vita biashara ya watumwa. Kwa nchi yake alikuwa mtumishi mwema mpaka mwisho. Hilo usimnyime.

Kuna na njia ya tatu, lakini aliyeifuata si balozi. Lloyd Mathews alikuja hapa kama afisa wa manowari ya Waingereza, Barghash akampa jeshi lake alifundishe, akabaki. Akawa mtu wa serikali ya hapa mpaka akawa waziri wa kwanza, na 1901 akafia hapa hapa. Hata yeye hakuizuia London kufanya ilichotaka, lakini angalau mshahara wake ulitoka kwa aliyekuwa akimshauri.

Mdogo wako asikie na hili. Balozi hulipia maamuzi ya watu waliokaa mbali, na hulipia kwa mwili wake. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Uingereza ilichelewa kuitambua serikali mpya. Balozi wao hapa Unguja alikuwa Timothy Crosthwait. Yeye alikuwa akikaa hapa, akiona nani anatawala, na wasiotaka kutia saini walikuwa London. Tarehe 20 Februari akaamriwa aondoke. Tarehe 23 London wakaitambua serikali. Siku tatu! Nilikuwa mtoto, nakumbuka wakubwa wakilizungumza barzani. Mtu amefungasha nyumba yake kwa ajili ya siku tatu.

Mwambie asome sheria, asome lugha, na kila nchi atakayopelekwa ajifunze majina ya miti. Na akipata rafiki huko, mapema kabisa, kabla ya waya wowote haujafika, amwambie: mie nimetumwa.

Mdogo wake Kijana wa Shangani

Shikamoo babu. Ni mimi, nimeandika kwa simu ya kaka. Nimeandika maneno yako kwenye daftari langu la chuo.

Naomba nikuulize kitu kimoja tu. Yule afisa na balozi wako, baada ya ile asubuhi ya saa mbili, usuhuba wao ulibaki?

Mzee wa Kikwajuni

Marahaba mjukuu wangu.

Uji uliendelea kupelekwa mpaka yule mama alipopona. Chupa ilikuwa ikirudi imeoshwa, kama siku zote. Lakini yule bwana hakugonga tena mlango wa balozi jioni. Alipokuja, alikuja mchana, kwa gari ya serikali, na katibu wake amekaa pembeni anaandika.